Chai ya Jani Zima: Anza na Tatu

KAULI YA SUBIRA
Na Subira Mwakyoma

Swali linalonifikia mara kwa mara siku hizi ni hili: mtu aliyekulia kwenye chai ya sufuria, akitaka kuonja chai za jani zima, aanzie wapi? Rafu za maduka makubwa zimejaa makopo. Kuna ya kijani, nyeupe, ya zambarau, oolong, Darjeeling, Earl Grey, zenye maua na zenye matunda. Mteja husimama pale akisoma, mwisho huchukua lile lenye picha ya kuvutia. Akifika nyumbani huichemsha na maziwa na sukari kama alivyozoea, asielewe uzuri wake uko wapi, na kopo husukumwa nyuma ya kabati. Fedha imepotea, na hamu nayo imekufa.

Ushauri wangu ni huu. Nunua chai tatu, kidogo kidogo, zisizotiwa ladha yoyote: nyeusi, ya kijani na oolong. Ile nyeusi iwe ya milima yetu wenyewe. Zinywe bila maziwa wala sukari mpaka uweze kuzitofautisha ukiwa umefumba macho. Baada ya hapo, chai yoyote utakayokutana nayo utajua pa kuiweka.

Nimechagua hizo tatu kwa sababu zote hutoka kwenye mmea mmoja, ambao wataalamu huuita Camellia sinensis. Hakuna mche wa chai ya kijani na mche mwingine wa chai nyeusi. Mchumaji wa Rungwe au Kericho huchuma majani mawili na chipukizi lake na kutupia kapuni mgongoni. Kinachofanyika baada ya hapo ndicho kinachoamua chai hiyo itaitwaje.

Kiwandani majani mabichi hutandazwa kwenye vihori virefu vyenye wavu, feni zikipuliza hewa kutoka chini, mara nyingi usiku kucha, hadi yanyauke kiasi kwamba ukilikunja jani halikatiki. Kisha husokotwa. Msokoto huo hupasua jani ndani kwa ndani, utomvu wake ukakutana na hewa, na rangi ikaanza kugeuka kama ndizi iliyomenywa ikaachwa mezani. Ukisimama hapo utasikia harufu ya majani mabichi ikififia taratibu na harufu tamu ya matunda yaliyoiva ikichukua nafasi yake. Mabadiliko hayo yakiachwa yafike mwisho kabla jani halijakaushwa, hiyo ni chai nyeusi. Yakizuiwa mapema kwa kulipasha jani joto kabla halijaanza kugeuka, hiyo ni chai ya kijani. Yakikatizwa njiani, hiyo ni oolong. Kwa hiyo vifurushi vyako vitatu vinakuonjesha jani likiwa halijageuka, likiwa limegeuka kiasi, na likiwa limegeuka kabisa.

Chai tunayochemsha kila asubuhi nayo ni nyeusi, ila imepita njia nyingine. Badala ya kusokotwa, majani hupitishwa katikati ya rola za chuma zenye meno, yakakatwa na kuraruliwa hadi yawe punje. Mashine hiyo ilibuniwa Assam, India, mwanzoni mwa miaka ya 1930, na ndiyo iliyotawala viwanda vya Afrika Mashariki. Punje hutoa rangi na ukali upesi sana. Ndiyo maana chai yetu huhimili maziwa, tangawizi na iliki, na bado ukasikia kuwa unakunywa chai. Hiyo ni sifa, na simshauri mtu yeyote aiache chai ya maziwa. Lakini punje hukufundisha nguvu ya chai tu. Harufu zake, zile za asali, za maua, za matunda makavu, utazipata zaidi kwenye jani ambalo halikuraruliwa.

Sasa tuingie dukani. Chai nyeusi ianze kuwa ya kwetu. Limuru, Kenya, ilipandwa chai mwaka 1903, na upande huu wa Tanzania Wajerumani waliijaribu Amani, kwenye milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne hiyohiyo. Leo tuna mashamba Usambara, Mufindi, Njombe na Rungwe. Wenzetu wana Kericho, Nandi na Kirinyaga. Chai nyingi ya pande zote mbili ni ya punje, lakini wapo wanaotengeneza jani zima, na kwenye pakiti huandika ‘orthodox’. Tafuta neno hilo. Herufi kama OP au FOP zinaeleza ukubwa na aina ya jani, na ile O ya ‘orange’ haina uhusiano na chungwa. PF1 na D1 ni alama za punje ndogo na vumbi. Hizo ni za sufuria.

Ukifika nyumbani, mwaga kijiko kimoja kwenye sahani nyeupe uitazame. Chai nyeusi nzuri ya jani zima huonekana kama nyuzi nyeusi zilizosokotwa, na hapa na pale utaona ncha za rangi ya dhahabu: hayo ni machipukizi. Vumbi likiwa jingi chini ya pakiti, umeuziwa makombo. Chukua gramu mbili na nusu hivi kwa kikombe cha mililita 200, mimina maji yaliyotoka kuchemka sasa hivi, funika, subiri dakika tatu au nne, kisha chuja. Usiichemshe. Kunywa funda moja na uliache lizunguke mdomoni kabla ya kumeza. Uchungu utausikia kwenye ulimi. Ukakasi utausikia kwenye mashavu na ufizi. Anayeanza huvichanganya viwili hivi, na ni muhimu avitenganishe. Ukakasi kidogo huipa chai uhai. Uchungu mwingi mara nyingi ni dalili kwamba imekaa majini kupita kiasi.

Chai ya pili, ya kijani, ndiyo iliyochukiwa na wengi bila kosa lake. Karibu kila anayeniambia ni chungu kama shubiri ameimiminia maji yanayotokota. Chai hii inataka maji ya nyuzi 70 hadi 80. Kipimajoto hakihitajiki: chemsha maji, yamimine kwenye jagi, yaache dakika chache, kisha yamimine kwenye majani. Kila unapohamisha maji kutoka chombo hadi chombo yanapoa. Dakika mbili zinatosha. Na ujue unaishi wapi: Dar es Salaam na Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100, Nairobi kwenye nyuzi 94 hivi, kwa sababu ya mwinuko, na Njombe ni chini kidogo ya hapo. Mtu wa pwani anapaswa kuwa na subira zaidi kabla ya kumimina.

Kwa kawaida Wachina husimamisha mabadiliko ya jani kwa kulikaanga kwenye karai, na Wajapani kwa kulipitisha kwenye mvuke. Ya kukaangwa huelekea harufu ya njugu, ya mvuke huelekea mboga mbichi na mwani. Anayeanza namshauri aanze na ya kukaangwa. Longjing ya Hangzhou, yenye majani bapa kama yaliyopigwa pasi, ni mwalimu mzuri. Ile iliyoviringwa vidonge vidogo, iitwayo Gunpowder, hupatikana kwa urahisi na ni nafuu, lakini ni kali; Wamoroko, wanaoipenda sana, huinywa na nanaa na sukari nyingi. Isiwe ya kwanza kwako.

Chai ya tatu ndiyo itakayokushangaza. Oolong hutoka zaidi mkoa wa Fujian nchini China na kisiwa cha Taiwan. Nunua Tieguanyin ya Anxi au mojawapo ya zile za milima ya Taiwan zilizoviringwa. Weka vidonge vyake kwenye glasi isiyopasuka kwa maji ya moto, ili uone. Vitatua chini vikiwa vigumu, kisha kimoja kimoja vitaanza kulegea na kujikunjua, hadi ukaona majani mapana yakiwa bado yameshika kikonyo chake. Harufu itakayopanda ni ya maua, na hakuna ua lililotiwa. Usiyatupe majani hayo baada ya kikombe cha kwanza. Yamiminie maji tena, na tena; oolong nzuri huvumilia mara nne au tano, na kikombe cha pili au cha tatu mara nyingi hukipita cha kwanza. Ukihesabu hivyo, bei yake haitishi tena.

Kuna mambo ya kuahirisha. Chai zilizotiwa mafuta na manukato, kama Earl Grey yenye bergamoti, si mbaya, ila manukato hufunika jani, nawe umekuja kulijua jani. Chai za bei ya juu sana ziache pia, kwa kuwa mdomo usiozoea hautaona tofauti unayoilipia. Na usinunue chai yoyote kwa ahadi ya kuyeyusha kitambi au kusafisha damu. Muuzaji anayeanza na tiba anakuficha ladha. Zote tatu zina kafeini, basi kama usingizi wako ni mwepesi zinywe kabla ya alasiri.

Kwa mtu wa pwani nafungua mlango mmoja. Chai ya asumini ya Fuzhou hutengenezwa kwa kutandaza majani ya chai pamoja na matumba ya asumini yaliyochumwa kabla hayajafunguka. Usiku ua linapochanua, jani hunyonya harufu yake. Asubuhi maua huondolewa, na usiku mwingine mapya huletwa. Aliyekulia Lamu au Unguja anaijua saa ambayo asumini hufunguka, na ana haki ya kuionja chai hiyo mapema kuliko wengine.

Ukishazimaliza hizo tatu, ya nne iwe ya zambarau. Ni mche uliotolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka 2011 na watafiti wa chai wa Kericho, na majani yake yana rangi ileile inayopatikana kwenye zabibu nyeusi. Ukikamulia limau kwenye kikombe, rangi huelekea waridi.

Kuhusu kiasi, nunua gramu 50 za kila aina, zinazotoa vikombe kama 20. Uliza ilichumwa lini na shamba gani. Ya kijani hasa haipendi kuzeeka. Hifadhi kwenye kopo lisilopitisha hewa wala mwanga, mbali na jiko, na mbali kabisa na karafuu, binzari na dagaa. Chai hunyonya harufu ya jirani yake bila kuchagua.

Sina haja ya kuficha kwa nini nasisitiza ya kwanza iwe ya kwetu. Kenya ni msafirishaji mkubwa kuliko wote duniani wa chai nyeusi, na sehemu kubwa ya chai ya ukanda huu hupigwa mnada Mombasa, ikaenda nje kuchanganywa na nyingine. Ikishachanganywa, jina la mlima hufutika, na mkulima hulipwa kwa kilo za majani mabichi bila mnywaji kujua kazi ya mikono yake. Bei hiyo imekuwa kilio chake kwa miaka mingi. Jani zima lenye jina la shamba lake linaweza kuuzwa kwa bei nyingine, lakini kiwanda hakitasimika mashine za kusokota kwa ajili ya soko ambalo halijajitokeza.

Soko hilo linaweza kuanzia kwetu, tulio karibu na mashamba kuliko mnunuzi yeyote. Mkulima amekwisha kufanya sehemu yake: ameamka na umande, amechuma chipukizi na majani mawili, hakuchuma la tatu. Sehemu yetu ni kuulizia. Wiki hii ukienda dukani, uliza chai ya jani zima ya hapa nyumbani. Ikiwepo, inunue na usome jina la shamba. Isipokuwepo, mwambie mwenye duka kwamba ungeinunua, na wiki ijayo umuulize tena.