Cheche ndogo kazini, jeraha la maisha

Swichi ya taa haina ubaya sebuleni kwako. Ifunge kwenye ghala la mitungi ya gesi yenye valvu inayovuja, na swichi hiyo hiyo inaweza kuua.

Nilimuuguza kijana aliyesikia harufu ya gesi kazini usiku, akawasha feni ili harufu itoke. Nia yake ilikuwa njema. Hakuna aliyemweleza kwamba swichi ya kawaida inaweza kutoa cheche kila inapowashwa au kuzimwa.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni na kujikusanya mashimoni na mitaroni. Ikifikia takriban asilimia 2 tu ya hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Mvuke wa petroli nao hutambaa hivyo, na hata vumbi la unga likitanda hewani kiwandani huweza kulipuka.

Kwa sababu hiyo kuna taa, swichi, mota na redio za mawasiliano zilizotengenezwa kwa ajili ya sehemu kama hizo: ama hazitoi cheche yenye nguvu ya kuwasha gesi, ama moto ukitokea hubaki ndani. Vile vya soko la Ulaya hubeba alama ya Ex ndani ya umbo la pembe sita. Ni ghali, najua. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri hapa Tanzania amkinge mfanyakazi, na taa ya bei rahisi haimkingi.

Nawe mfanyakazi, ukisikia harufu ya gesi usiwashe wala kuzima chochote, hata simu. Funga valvu kama unaifikia kwa usalama, acha milango wazi, toka, kisha piga simu ukiwa mbali.

Mtu akiungua, vua pete na saa yake mapema, mwagilia jeraha maji safi ya bomba kwa dakika 20, kisha mwahi hospitali. Usimpake dawa ya meno wala mafuta.

Yule kijana alipona, lakini vidole vyake vilikakamaa. Tunaweza kupandikiza ngozi. Kumrudishia mikono aliyokuja nayo kazini hatuwezi. Mwajiri, kabla ya kufunga taa nyingine ghalani, mwulize fundi: je, imetengenezwa kwa ajili ya mahali penye gesi?