Tuwalinde Walinzi wa Kaya

Katika Pwani ya Kenya, kutoka Kwale hadi Kilifi, yako makaburi yasiyo na ukuta wala lango la chuma. Ni makaburi ya wazee wa Mijikenda, yaliyomo ndani ya misitu ya kaya. Kaya hizo zilikuwa miji yenye ngome, ambayo asili yake huhesabiwa tangu karne ya 16. Kufikia miaka ya 1940 watu walikwisha kuhamia mashambani, lakini makaburi yalibaki, na miti ikaachwa ikue.

Kwa muda mrefu miti hiyo haikulindwa na sheria ya serikali, bali na mwiko. Mtu hakuthubutu kukata tawi pale walipolala wazee. Hata mwaka 1914, Waingereza walipoibomoa Kaya Fungo kwa baruti ili kuuvunja upinzani wa Wagiriama, heshima ya mahali pale haikuvunjika. Ndiyo sababu leo imo kayani miti adimu, ilhali misitu mingi ya jirani imekwisha kufyekwa.

Kuanzia mwaka 1992 serikali ilizitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 UNESCO iliziingiza baadhi yake katika Urithi wa Dunia. Tunazipongeza hatua hizo. Hata hivyo, tangazo halikeshi msituni. Wanaokesha ni wazee, nao leo wana hofu. Katika Kaunti ya Kilifi wapo wakongwe waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya shutuma hizo kuna ugomvi wa shamba. Jamii inayomwua mzee kwa ajili ya mvi zake haiwezi kudai kwamba inayaheshimu makaburi ya wazee.

Kwa maoni yetu, mambo matatu hayana budi kutendwa. Kwanza, mipaka ya kila kaya ipimwe na kuandikishwa, ili mnyakuzi wa ardhi asipate pa kupenyea. Pili, wauaji wa wazee wafikishwe mahakamani bila ajizi. Tatu, vijana washirikishwe katika ulinzi, wafundishwe majina ya miti na ya waliozikwa chini yake, maana elimu hiyo haimo vitabuni.

Wahenga walinena kwamba penye wazee haliharibiki neno. Ni wajibu wetu sote kuhakikisha kwamba wazee wenyewe wapo, na wako salama.