Nyimbo za Mazimbu ni Amana

Mwezi wa Agosti 2019 Rais Cyril Ramaphosa wa Afrika Kusini alifika Mazimbu, hapa kwetu Morogoro, akatoa heshima zake mbele ya makaburi ya wapigania uhuru waliolala chini ya milima ya Uluguru. Haukupita mwezi mmoja, mwanzoni mwa Septemba, maduka ya Waafrika wageni yakawa yanavunjwa na kuchomwa moto mjini Johannesburg. Kumbebesha mgeni wetu yule lawama ya mambo hayo itakuwa dhuluma. Hata hivyo, hatuna budi kuuliza imekuwaje kijana wa Johannesburg akamfukuza Mwafrika mwenzake bila kujua kwamba mama zake na baba zake walipata makao, shule na hospitali katika nchi ya hao hao anaowaita wageni.

Jibu letu ni kwamba udugu huo tumeuacha mikononi mwa viongozi na hotuba zao, ilhali ulipokuwa hai ulikaa vinywani mwa watu. Serikali yetu ilitoa shamba la mkonge la zamani lililokuwa Mazimbu, na ANC ikajenga hapo chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili, 1979. Tangu miaka hiyo mpaka tarehe 9 Julai, 1992, mahali hapo palipokabidhiwa kwa Tanzania, Mazimbu ilikuwa mji wenye mashamba, karakana, hospitali na shule, na Watanzania wengi walifanya kazi humo bega kwa bega na wakimbizi. Na tukumbuke kwamba wimbo wetu wa taifa na wimbo wa ANC vilikuwa muziki mmoja, ule alioutunga Enoch Sontonga mwaka 1897. Mwashi wa Kiluguru na mwanafunzi wa Soweto walitofautiana kwa maneno tu. Sauti ilikuwa moja. Ni balozi gani angeweza kufanya kazi hiyo kwa mkataba?

Mataifa machanga ya Afrika yaliielewa nguvu hiyo mapema. Senegali iliwaita watu weusi wa dunia nzima mjini Dakar mwaka 1966. Aljeria ikafuata mwaka 1969, na huko Algiers vyama vya ukombozi, ambavyo havikuwa na nchi wala kiti katika Umoja wa Mataifa, vilipewa nafasi yao miongoni mwa mataifa. Mtu aliyenyimwa pasi ya kusafiria nchini mwake alisimama jukwaani akiwa mjumbe wa watu wake. ANC ililizingatia somo hilo. Kikundi chake cha Amandla, kilichoongozwa na mpiga tromboni Jonas Gwangwa katika miaka ya 1980, kilizunguka Afrika na Ulaya kikieleza kwa ngoma na nyimbo mambo ambayo vitabu vya siasa vilishindwa kuyafikisha kwa watu wa kawaida.

Lakini tamasha laweza pia kuwa pambo la kufunika uchafu. Nijeria ilitumia fedha nyingi za mafuta kuandaa tamasha kubwa la Lagos, lililoanza Januari 15 na kumalizika Februari 12, 1977. Siku sita baadaye askari waliivamia nyumba ya mwanamuziki Fela Kuti, aliyekuwa amelisusia tamasha hilo, wakaiteketeza. Taifa linalowapigia wageni ngoma na kumpiga mwimbaji wake halijafanya udiplomasia wowote, limefanya karamu.

Sisi wa Morogoro hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano ulio bora. Mwaka 1970 bendi ya Morogoro Jazz, ikiwa na Mbaraka Mwinshehe, ilikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania katika Maonyesho ya Dunia. Hiyo ni safari ya kuheshimiwa, ila kwa maoni yetu kazi kubwa zaidi aliifanya baadaye bila kutumwa na mtu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wetu na Kenya ulifungwa, usifunguliwe hadi Novemba 1983. Katika kipindi hicho cha uhasama nyimbo za Mbaraka ziliendelea kupendwa pande zote mbili, naye mwenyewe alifikwa na mauti huko huko Kenya, kwa ajali ya gari mjini Mombasa, Januari 1979. Mawaziri walikuwa wamenuniana. Wananchi walimlilia msiba mmoja.

Tukilinganisha na hayo, desturi yetu ya sasa inatia aibu. Kikundi cha ngoma huitwa alfajiri, hupangwa juani kumsubiri mgeni ambaye ndege yake imechelewa, hucheza dakika tano huku msafara ukipita, kisha wazee wale hurudishwa kwao juu ya lori, kila mmoja na soda yake. Mgeni hakuwasikia, wala wao hawakuonana na mgeni. Huko hatuoni utamaduni. Tunaona zulia jekundu lililopewa miguu.

Tunapendekeza, kwa hiyo, kwamba kila tarehe 6 Aprili pawe na tamasha Mazimbu, katika viwanja ambavyo leo ni vya Chuo Kikuu cha Sokoine. Kwaya za vijana zije kutoka Mamelodi, alikotoka Mahlangu, na wasilale hotelini: walale Kihonda na Mazimbu kwenye nyumba za watu, wale ugali wa watu, wafundishwe ngoma za Waluguru na wao wafundishe za kwao. Mwaka unaofuata vijana wetu waende Mamelodi kwa masharti yale yale. Gharama zigawanywe baina ya Serikali mbili, kwani tamasha linaloishi kwa hisani ya wafadhili hufa siku wafadhili wanapochoka; Sauti za Busara ya Zanzibar, pamoja na sifa zake zote, haikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha.

Kuna jambo moja lisilohitaji bajeti ya Serikali mbili. Wapo bado, Mazimbu na Dakawa, wazee waliokuwa waashi, wapishi, madereva na wauguzi wa chuo kile, na nyimbo walizozisikia kwa wakimbizi wangali wanazikumbuka. Maofisa Utamaduni wa mkoa wawaendee na kinasa sauti mwezi huu.