Manowari ya Mtoto



Kijana mmoja wa parokia yetu alinijia na picha ya manowari. Ataka kuiunda ndogo, iongozwe kwa redio, ipigane na ya mwenzake. Msimcheke. Huko Marekani watu wazima huucheza mchezo huo. Meli ya kweli yenye urefu wa mita 144 huwa mita 1. Ubavu wake ni ubao mwembamba, na mizinga hurusha gololi ndogo za chuma kwa nguvu ya gesi. Ikitobolewa, pampu huyatoa maji; yakizidi, meli huzama, kisha huopolewa na kutiwa viraka. Wala redio si jambo geni: Nikola Tesla alionyesha mashua ya namna hiyo mjini New York mwaka 1898.

Nasi manowari twazijua. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kutoka Kisumu, wakaipiga Bukoba na kuiharibu simu ya upepo ya Wadachi.

Basi kijana akachonga. Akaweka betri na mizinga juu, ili ipendeze. Kuitia majini, ikapinduka! Nikamwambia: “Mwanangu, betri ishushe chini kabisa, na uweke mawe kuwa farumi.” Akafanya hivyo. Tukaisukuma kwa kidole, ikalala ubavu, ikainuka tena.

Ndugu zangu, hapo nilinyamaza. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka huku kwetu ikiwa imejaa kupita kiasi, ilipinduka kabla ya kufika Mwanza. Mamia ya watu walikufa. Katika nyumba nyingi za Bukoba na Muleba marehemu hao wangali wakiombewa.

Kwa hiyo, wazazi, waacheni vijana waunde vyombo. Ila mizinga iachwe, maana gololi hutoboa jicho. Wala wasiende ziwani peke yao, beseni latosha. Washindane hivi: chombo cha nani kitabeba mawe mengi yakiwekwa chini, na mangapi yakiwekwa juu? Watajionea wenyewe tofauti.

Nanyi mwendao Bumbire au Kemondo, kabla ya kupanda tazameni mzigo umewekwa wapi, na watu ni wangapi. Mtoto aliyekwisha kuona chombo chake kikipinduka katika beseni, siku moja atakuwa na moyo wa kumwambia nahodha: “Hiki kimejaa. Mimi sipandi.”