Soksi Kavu za Askari

Novemba imeingia. Kwa nyinyi mlio Muscat na Dubai, huu ndio msimu wa kufungua madirisha na kukaa nje jioni. Kwa sisi tulio Uingereza, Ujerumani, Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani, ni msimu wa kushusha makoti kabatini na kuitafuta ile glavu moja ambayo kila mwaka hupotea. Na kwa watoto wetu wanaosoma huku, huu ni mwezi wa historia. Wale wa Uingereza hurudi nyumbani na ua jekundu la karatasi kifuani, kwa kumbukumbu ya Novemba 11, 1918, siku ambayo bunduki zilinyamaza Ulaya Magharibi. Wakiishavua viatu, maswali huanza: Nani alishinda? Nani alikuwa na mizinga mingi?

Mimi huwa nawajibu kwa swali jingine: walikuwa wamevaa nini miguuni?

Watoto hucheka, lakini sifanyi mzaha. Filamu zimetuzoesha kuamini kwamba askari hufa kwa risasi. Kwa karne nyingi ukweli ulikuwa kinyume chake. Maradhi, njaa na baridi viliua watu wengi kuliko panga na bunduki. Sisi tuliotoka nchi za jua, ambao baridi yetu kubwa ni ya Juni na Julai upepo wa kusi unapovuma, ni vizuri tukaijua habari hii, maana ina funzo hata kwa asiyewahi kushika silaha.

Tuanze na Napoleon. Juni 1812 aliingia Urusi na jeshi la watu zaidi ya 400,000: Wafaransa, Wapolandi, Wajerumani, Waitaliano, Waholanzi na wengineo. Husemwa kwamba theluji ya Urusi ndiyo iliyomshinda. Hilo ni nusu ya habari. Sehemu kubwa ya jeshi lile iliyeyuka kabla ya theluji ya kwanza kuanguka, katika joto la kiangazi, kwa kuhara damu, njaa, utoro na homa ya taifasi inayoenezwa na chawa. Alipofika Moscow katikati ya Septemba alikuwa amebaki na watu wapatao laki moja. Akakaa mwezi mzima akisubiri mfalme wa Urusi aombe amani. Mfalme hakuomba. Oktoba 19 Napoleon akageuza njia kurudi alikotoka, na jeshi lake lilikuwa na nguo za kiangazi.

Hapo ndipo baridi ilipowakuta watu ambao tayari walikuwa na njaa. Farasi hawakupigiliwa kwato viatu vya kushika barafu, kwa hiyo waliteleza, wakavunjika miguu, wakaliwa. Farasi wakiisha, mizinga haivutwi, mikokoteni ya chakula haivutwi, na majeruhi hawabebwi. Jambo dogo kama msumari wa kwato likawa hukumu ya kifo kwa maelfu.

Mwishoni mwa Novemba wakafika mto Berezina. Laiti ungekuwa umeganda wangevuka kwa miguu, lakini siku chache kabla kulikuwa na joto kidogo na barafu ikapasuka. Ikabidi wajenge madaraja. Wajenzi wa madaraja wapatao 400, wengi wao Waholanzi, wakiongozwa na Jenerali Eblé, waliingia mtoni hadi kifuani huku mapande ya barafu yakiwagonga. Walipigilia nguzo, na zilipovunjika wakarudi tena majini. Napoleon alivuka. Maelfu ya wengine walivuka pia. Wajenzi wale, ni wachache mno walioiona nchi yao tena, na Eblé mwenyewe alifariki kabla ya mwaka kwisha.

Mwaka 2001, vibarua waliokuwa wakichimba udongo mjini Vilnius, Lithuania, walikuta mifupa. Ilikuwa kaburi la pamoja la watu zaidi ya 3,000 wa jeshi lile. Wengi walikuwa vijana, umri wa wanafunzi wetu wa vyuo. Walikuwa wamefika mjini wakidhani wameokoka.

Katika jeshi hilo alikuwamo daktari wa upasuaji, Larrey, mtu mwenye huruma na jicho kali. Aliona kwamba askari walioota moto kwa karibu wakiwa na vidole vilivyoganda, nyama yao iliungua na kuoza. Akashauri wasugue vidole kwa theluji badala yake. Alichokiona kilikuwa kweli, ila dawa aliyoitoa haikuwa nzuri, na madaktari waliifuata kwa zaidi ya miaka mia moja. Leo tunajua kwamba kusugua huchana nyama iliyoganda. Kinachofaa ni maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto, na kwenda hospitali haraka. Nalisema hili kwa sababu bado nasikia watu wakipeana ushauri wa kusuguana.

Twende mbele miaka mia moja, kwenye mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji. Hapa adui alikuwa maji kuliko barafu. Askari alisimama ndani ya matope usiku na mchana, buti zimelowa, soksi zimelowa, na mguu ukaanza kufa ganzi, kuvimba, kubadilika rangi na mwishowe kuoza. Mguu wa aina hii hauhitaji maji yagande. Baridi ya kawaida pamoja na unyevu wa siku nyingi vinatosha. Katika majira ya baridi ya kwanza tu ya vita ile, jeshi la Uingereza lilipata wagonjwa wa miguu zaidi ya 20,000.

Jeshi lilipigana vipi na ugonjwa huo? Kwa soksi kavu. Kila askari aliamriwa abebe jozi za akiba, abadilishe mara mbili kwa siku, na ajipake miguu mafuta ya nyangumi. Lakini amri peke yake haikutosha, kwa sababu mtu aliyechoka na kukata tamaa hajiangalii. Ndipo wakapangwa wawiliwawili: wewe uikague miguu ya mwenzako, naye aikague yako. Maafisa nao wakawajibika kwa miguu ya watu wao. Ugonjwa ukapungua sana. Nitarudi kwenye jambo hili.

Sasa habari ambayo watoto wetu hawafundishwi mara nyingi. Katika mahandaki hayo walikuwamo Waafrika. Ufaransa ilileta vijana kutoka makoloni yake ya Afrika Magharibi, walioitwa kwa jumla askari wa Senegal hata kama mtu alitoka Mali au Guinea. Wakubwa wa jeshi walijua kwamba baridi ya kaskazini inawaua kwa vifua, hivyo kila majira ya baridi waliwahamishia kusini, kwenye kambi za Fréjus karibu na bahari ya Mediterania. Mwaka 1917 majenerali walitaka ushindi wa haraka. Vijana wale wakapandishwa kaskazini mapema, na Aprili 16, kwenye miinuko ya Chemin des Dames, wakaamriwa kushambulia asubuhi ya mvua na theluji. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, hata kushika bunduki ilikuwa taabu. Mbele yao kulikuwa na bunduki za rashasha ambazo mizinga ya Wafaransa haikuzinyamazisha. Walianguka kwa maelfu.

Mtu mmoja alisimama kuwasemea. Blaise Diagne, mbunge aliyechaguliwa na miji ya Senegal mwaka 1914, alieleza Bungeni Paris, katika kikao cha siri cha Juni 1917, jinsi watu wake walivyopelekwa kuchinjwa. Na ili tusimfanye malaika, mwaka uliofuata Diagne huyohuyo alizunguka Afrika Magharibi kuandikisha vijana wengine zaidi ya 60,000, akiamini kwamba damu yao ingewanunulia haki ya uraia. Mjadala wa kama alikuwa sahihi haujaisha mpaka leo. Anayefika Fréjus ataona jengo jekundu la umbo la msikiti wa Djenné, lililojengwa kwa ajili ya askari hao ili waone kitu cha kwao. Nguzo na minara ipo. Wenyewe hawapo.

Na sisi wa Afrika Mashariki? Kwetu vita ileile haikuwa na theluji, lakini ilikuwa na mvua, na mtu aliyelowa usiku kucha bila blanketi hahitaji theluji ili apate nimonia. Kila anayekwenda Kariakoo kununua nguo au viungo anataja vita bila kujua. Jina hilo, kama Kariokor ya Nairobi, limetokana na kikosi cha Waingereza cha wapagazi, Carrier Corps. Wanaume walichukuliwa vijijini, wengi kwa nguvu, wakabebeshwa risasi na unga wa majeshi. Mvua za mwaka 1917 ziligeuza bonde la Rufiji kuwa ziwa. Chakula hakikufika, na kilichofika mara nyingi kilikuwa unga wasiouzoea, uliopikwa haraka bila kuiva. Waliokufa upande wa Waingereza peke yao walikaribia laki moja, na karibu wote waliuawa na maradhi. Kwenye sanamu ya askari iliyopo Nairobi yamechongwa maneno yanayowataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Ni sifa nzuri. Lakini miguu na mikono ndiyo mwili huiacha kwanza baridi inapoingia.

Nieleze kidogo. Mwili ukipigwa na baridi hufanya hesabu ya kikatili. Huondoa damu kwenye vidole, masikio na pua, huirudisha ndani ili kuulinda moyo. Viungo vya mbali hutolewa kafara ili kitovu kipone. Kila nikisoma habari za vita naona serikali zikifanya hesabu hiyohiyo. Waliokuwa mbali na meza ya maamuzi ndio walioganda. Mwaka 1941 Hitler aliingia Urusi mwezi uleule wa Juni kama Napoleon, akiamini atamaliza kabla ya baridi. Hakumaliza. Mwezi Desemba redio ya Berlin ikawaomba raia wachange makoti ya manyoya na soksi za sufi kwa ajili ya askari ambao tayari walikuwa wanakatwa vidole. Baadaye waliobaki walipewa nishani ya majira yale ya baridi, na wao wenyewe wakaibandika jina la nishani ya nyama iliyogandishwa. Korea nako, mwishoni mwa 1950, kwenye bwawa la Chosin, hewa ilishuka nyuzi 30 chini ya sifuri. Wauguzi wa Kimarekani waliweka vichupa vya dawa ya maumivu mdomoni visigande. Upande wa pili, askari wa China walishambulia wakiwa wamevaa viatu vya turubai, na vikosi vizima viliganda palepale vilipolala kuvizia. Husemwa kwamba baridi haichagui cheo. Kweli, lakini koti huchagua.

Kwa hiyo mtoto akikuuliza nani alishinda, mjibu, halafu mwongeze: nani aliamua, na nani alilowa? Wengi wetu tuna babu au babu mzaa babu aliyekuwa askari wa Keya. Wengine walikwenda na Divisheni ya 11 hadi Burma, wakateremka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua za masika ya kule, ambako matope yalimeza magari na malaria ikameza watu. Kama bado yupo mzee nyumbani anayekumbuka masimulizi hayo, mpigie simu wiki hii. Usimuulize aliua wangapi. Muulize baba yake alisimulia nini juu ya kulala, kula na kutembea. Mrekodi, umwache aseme kwa lugha yake.

Na sasa nirudi kwenye soksi. Wadogo zangu wanafunzi mliofika Septemba, najua namna tunavyoishi huku. Mnaambiana kwamba baridi ni kuzoea. Mtu anatembea na raba zilizolowa wiki nzima kwa sababu fedha za buti zimetumwa nyumbani. Hita imezimwa kuokoa bili. Mama akipiga simu, jibu ni "sijambo, nipo salama." Baridi ya chumbani ni afadhali kuliko ya Berezina, sikatai, lakini dalili za mwili ni zilezile. Kutetemeka ni mwili kupigana. Mtu akiacha kutetemeka huku bado ana baridi, akianza kusema maneno yaliyolegea na kuchanganyikiwa, hiyo ni hatari, ita gari la wagonjwa. Pombe humdanganya mtu kwamba amepata joto wakati inazidi kulitoa. Vidole vikifa ganzi na kupauka, ingia ndani mara moja, usisubiri basi lingine.

Kuliko yote, chukueni ule mpango wa wawiliwawili. Askari wa mahandaki hawakuponywa na ushujaa. Waliponywa na mwenzao aliyepiga magoti matopeni akasema, vua buti nione. Kila mmoja wetu amchague mtu mmoja msimu huu: mwanafunzi mgeni, mzee anayeishi peke yake ghorofani, kijana wa zamu za usiku ghalani. Usimuulize "hujambo," maana atajibu "sijambo." Fika kwake. Tazama kama hita inawaka, kama kuna blanketi la pili, kama viatu vilivyo mlangoni vimekauka. Kama havikukauka, unajua la kufanya.