Neno "Kuridhika" katika Hojaji za Hospitali

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliweka haki mbili ambazo ni nadra kusomwa pamoja. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, nacho cha 46 kinamhakikishia mtumiaji huduma zenye ubora unaofaa, hata zinapotolewa na asasi za umma. Tangu sehemu kubwa ya huduma za afya igatuliwe kwa kaunti mwaka 2013, haja ya kupima utekelezaji wa haki hizo imezidi kuwa kubwa. Aghalabu hutumika hojaji, na swali lake kuu ni hili: "Je, umeridhika na huduma?" Chini yake hupangwa majibu matano, kwa mtindo ulioasisiwa na Rensis Likert mwaka 1932.

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Kitenzi "kuridhika" kina mzizi mmoja na "radhi". Mtoto hutafuta radhi za wazazi, na aliyekosa husema "niwie radhi". Kwa hiyo mgonjwa anapoulizwa iwapo ameridhika, yamkini husikia akiulizwa iwapo ana kinyongo. Muungwana gani atakiri kwamba anacho, tena mbele ya wauguzi ambao atarudi kwao juma lijalo? Hali hii inafanana na maamkizi. Anayetetemeka kwa homa huulizwa "Hujambo?" naye hujibu "Sijambo", kisha ndipo aeleze maradhi yake. Hojaji huandika "sijambo" na kuondoka kabla ya maelezo.

Yapo pia matarajio. Mama aliyezoea kufika zahanati na kuambiwa dawa zimekwisha atafurahi siku atakapopata nusu ya alizoandikiwa, na ataweka alama penye "nimeridhika sana". Mwenzake, ambaye kwao dawa hazikosekani, atanung'unika akikosa moja tu. Takwimu zitaipa zahanati duni ushindi. Naye aliyechoshwa na foleni akarudi nyumbani bila kutibiwa hayumo kabisa katika hesabu, kwa kuwa hojaji hutolewa kwa waliokwisha kuhudumiwa. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Siku hizi anaulizwa, ila baada ya kuunywa.

Afadhali mgonjwa aulizwe yaliyotokea. Alisubiri kwa muda gani? Alipata dawa ngapi kati ya alizoandikiwa? Je, alielezwa ugonjwa wake kwa lugha anayoielewa, na anaweza kueleza kwa maneno yake jinsi ya kumeza vidonge alivyopewa? Maswali kama haya hayamlazimu kumsifu wala kumlaumu mtu, na majibu yake yanaweza kulinganishwa na daftari la dirisha la dawa.

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili huitwa mwishoni, hojaji ikiwa imekwisha kutungwa kwa Kiingereza, ili waifasiri. Wanapaswa kuketi na wauguzi na wagonjwa kabla swali la kwanza halijaandikwa.