Kidonge Hakijielezi

Wasomaji wa Kambove, Likasi na Lubumbashi mmeshazisikia hoja hizi, kwa hiyo sitazirudia kwa urefu. Zote zinadai jambo moja: kwamba utafiti wa vyuo vya famasia, hasa ule unaochunguza namna mgonjwa anavyohudumiwa, ni anasa kwa miji ya shaba kama yetu. Fedha ziende kwenye dawa, walimu wafundishe kemia, wanafunzi waache kuzunguka mitaani na karatasi za maswali. Nimewasikiliza wenye hoja hizi kwa makini, na pale walipo na haki nitawapa haki yao. Ninyi wasomaji ndio mahakimu: naomba mpime kila hoja peke yake, kisha mtazame kama hoja hizo zinaweza kukaa pamoja bila kugombana.

Iliyo nzito kuliko zote ni hii: shida yetu ni ukosefu wa dawa, si ukosefu wa maarifa. Mama akifika kituo cha afya na mtoto anayechemka homa, akakuta rafu tupu, tasnifu ya chuo haitamshusha mtoto homa. Kuhusu rafu tupu sina ubishi. Lakini hoja haikuishia hapo. Inadai kwamba dawa ikishafika, kazi imekwisha. Dai hilo limeshapimwa, tena nchini mwetu. Mwaka 2009 majaribio ya Ghana, Tanzania na Bangladesh yalionyesha kwamba artesunati inayowekwa njia ya haja kubwa huokoa watoto wenye malaria kali walio mbali na hospitali. Kuanzia 2018 hadi 2020 mradi wa CARAMAL ulifuatilia dawa hiyohiyo ilipogawiwa vijijini Kongo, Nigeria na Uganda. Safari hii dawa ilikuwepo, mikononi mwa wahudumu wa jamii. Vifo havikupungua kama ilivyotarajiwa. Watoto wengi hawakufikishwa hospitali baada ya dozi ya kwanza, na waliofikishwa hawakupata wote matibabu kamili yanayotakiwa kuifuata. Januari 2022 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi zisimamishe kwanza kuieneza, na baadaye likatoa mwongozo mpya unaosisitiza mnyororo mzima wa huduma. Dawa ilikuwa ileile ya 2009. Kilichobadilika ni mazingira ya mgonjwa, na hayo yalijulikana kwa sababu kuna watu waliohesabu.

Kuna pia yaliyotokea Ituri. Tangu Desemba 2014 hadi Agosti 2015 zaidi ya wagonjwa 1,000 walilazwa wakiwa wamekakamaa misuli ya uso na shingo, wengi wao watoto. Mwanzoni ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Vipimo vya mkojo na vya vidonge vyenyewe vikatoa jibu: kilichoandikwa diazepamu kwenye kopo kilikuwa haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. Tahadhari ya kimataifa ilitoka Julai 2015, miezi saba baada ya wagonjwa wa kwanza. Rafu za Ituri hazikuwa tupu, zilijaa. Anayesema tunahitaji dawa tu, aeleze kwanza ni nani atakayetuambia kilichomo ndani ya kopo.

Hoja ya pili husema: utafiti umeshafanywa na wenye uwezo, dawa ni dawa, iwe Brussels au Kambove. Inasikika kama busara ya kubana matumizi. Basi tuitazame malaria kali. Mwaka 2005 utafiti mkubwa wa Asia ulithibitisha kwamba artesunati ya sindano inaishinda kwinini. Je, Afrika ilibadilisha matibabu ya watoto wake mara moja? Haikubadilisha, na kwa sababu ya msingi: wagonjwa wa Asia wengi walikuwa watu wazima. Ikabidi ufanywe utafiti wa AQUAMAT, uliochapishwa 2010, kwa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Kongo ikiwemo. Waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliopewa artesunati asilimia 8.5. Ndipo mwongozo wa watoto ukabadilika, 2011. Mtoto anayepona leo kwa sindano hiyo anapona kwa sababu watu walikataa kuridhika na majibu ya kwingine.

Na kuna dawa iliyokwenda njia ya kinyume. Lapdap iliingia Afrika 2003 kama tiba rahisi ya malaria. Mwaka 2008 ikaondolewa sokoni, kwa kuwa ilivunja chembe nyekundu za damu kwa wagonjwa wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, upungufu ulioenea sana kwetu na ulio adimu Ulaya kaskazini. Hatari hiyo haionekani mpaka dawa ipimwe katika miili inayoibeba.

Kisha kuna mambo ambayo hakuna mgeni atakayetupimia. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi, akiwemo mtaalamu wa sumu Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vya watu wa Katanga. Waliokuwa wakiishi chini ya kilomita 3 kutoka migodini au kwenye viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti mara 43 ya ile ya Wamarekani wa kawaida. Mwaka 2020 utafiti mwingine wa Lubumbashi ukaonyesha kwamba baba anayefanya kazi inayohusiana na migodi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mtoto mwenye kasoro ya kuzaliwa. Kambove ni mji wa mgodi. Mkazi wake anapoingia farmasi kununua dawa ya maumivu, figo na ini lake vimeishi maisha ambayo kitabu cha Brussels hakikuyaona. Inafanya nini dawa ndani ya mwili huo? Sumu na dawa husomwa katika kitivo kimoja, cha famasia. Swali hilo ni la kitivo hicho kuliko la mwingine yeyote.

Hapa ndipo wapinzani wangu wanapojikwaa. Wale wale wanaosema dawa ni moja kila mahali, ukigusa miti-shamba hubadilika: mizizi yetu, wanasema, imetoka kwenye udongo wetu, inapatana na damu yetu, haihitaji maabara. Chagueni moja. Ikiwa miili ni sawa kila mahali, madai ya damu yetu yanaanguka. Ikiwa miili inatofautiana, utafiti wa kwingine hautoshi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walichapisha matokeo ya mimea 9 inayotumika kutibu kisukari katika eneo la Lubumbashi, iliyojaribiwa kwa wanyama wa maabara. Mnyama si mgonjwa, nakubali, na hatua ya kutoka huko hadi kwa binadamu ni ndefu. Lakini fikirini mzee wa Kambove anayemeza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, asubuhi na kunywa mchemsho wa magome jioni. Kama magome hayashushi sukari, analipia maji machungu. Kama yanashusha kweli, viwili hivyo kwa pamoja vinaweza kumwangusha chini usiku. Katika hali zote mbili kuna mtu anayepaswa kujua, na kujua huko hakuji kwa mapokeo pekee.

Wengine hushika njia nyingine: mfamasia ajue dawa, kuzungumza na mgonjwa ni kazi ya daktari na muuguzi. Wazo kwamba mfamasia anawajibika kwa matokeo ya dawa, si kwa kuitoa tu, liliandikwa wazi na wataalamu wa famasia Hepler na Strand mwaka 1990 huko Marekani, na asili yake ya kigeni ndiyo inayotumiwa kulikataa. Asili haiamui ukweli. Tazameni kinachotokea mitaani: wengi wetu tunaanza kwenye farmasi, daktari baadaye, au asiwepo kabisa. Mtu anasema, nipe dawa ya tumbo, na anayeuza anamjibu. Ushauri unatolewa kila siku. Kilichobaki kuamua ni kama anayeutoa amejifunza kuutoa. Kongo ilipoingia kwenye mseto wa artesunati na amodiakwini kutibu malaria mwaka 2005, wagonjwa wengi walilalamika kwamba inawalegeza mwili. Mchimbaji aliyelegea hashuki shimoni, na asiposhuka hali. Anaiacha dozi siku ya pili, na vimelea vinabaki. Maneno machache kaunta, yaliyoandaliwa na mtu aliyechunguza kwa nini watu huacha dozi, yana uzito sawa na kidonge chenyewe.

Hoja inayosikika ya kisasa kuliko zote huja na mfano wa Tanzania. Kule, wanasema, muuza dawa wa kawaida alifundishwa kwa muda mfupi na mambo yakatengemaa. Ya nini basi miaka mingi ya chuo na utafiti? Mfano ni wa kweli, na ninaupenda, lakini wanaoutaja hawakuusoma hadi mwisho. Maduka hayo, yaitwayo maduka ya dawa muhimu, yalianza mkoa wa Ruvuma 2003. Kabla ya kuanza, hali ilipimwa, na mkoa mwingine ukawekwa wa kulinganisha. Mtaala uliandikwa na wataalamu, orodha ya dawa zilizoruhusiwa ikawekwa, wakaguzi wakapita. Dawa zisizosajiliwa madukani Ruvuma zilishuka kutoka asilimia 26 hadi 2. Takwimu hiyo wanayojivunia imetoka wapi, kama si kwenye utafiti wa huduma za dawa, ule ule wanaotaka ufutwe?

Limebaki shtaka la kupandia cheo: kwamba tasnifu nyingi huandikwa ili mwandishi apate shahada, kisha hulala kabatini. Ni shtaka la haki, na walimu wa famasia wanapaswa kulijibu kwa vitendo. Wakiniuliza, ningeanzia kwenye maswali. Wachimbaji wa Kambove wanameza nini kabla ya kushuka shimoni, na wanainunua kwa nani? Ni wagonjwa wangapi wanaonunua nusu dozi kwa sababu fedha haikutosha, na wanaambiwa nini wakati huo? Mama anayebeba mtoto mwenye degedege anapita milango mingapi kabla ya kufika hospitali? Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaweza kuyajibu kwa miezi michache na nauli ya basi. Na matokeo yasomwe kwanza Kambove, kwa Kiswahili, mbele ya wauguzi na wauza dawa walioulizwa maswali hayo, wakiwa na ruhusa ya kuyapinga, ndipo yaende kwenye jarida.